Simu Mkononi, Mshono Tumboni: Maswali ya Wiki Hii

Sista, programu ya hospitali iliniandikia "usile baada ya saa 12". Nikala mahamri na mbaazi saa kumi alfajiri, upasuaji ukiwa saa mbili asubuhi. Wameniahirisha! Kosa la nani? (Bamburi)

La aliyetafsiri. Kwake yeye saa 12 ni katikati ya usiku. Kwako wewe, kama kwa yeyote aliyelelewa Pwani, ni kukipambazuka. Nimelipigia kelele jambo hili hadi sauti imekauka: maneno yanageuzwa Kiswahili, saa zinaachwa za Kizungu. Ukiona saa kwenye simu, piga wodini uulize: saa sita usiku au kumi na mbili asubuhi?

Lakini waliokuahirisha usiwanunie. Ukishapewa dawa ya usingizi, chakula kinaweza kupanda kooni kikaingia mapafuni. Chakula chepesi kinataka masaa 6, vya mafuta kama mahamri masaa 8, maji au chai ya rangi masaa 2. Chai ya maziwa ni chakula. Nawe unayeniandikia kila mwezi "kikombe kimoja tu", jibu ni lile lile.

Programu inauliza kama natafuna muguka, yale majani ya jamii ya miraa. Nikikubali, mke wangu si ataona? (Kisauni)

Mfiche mkeo, usimfiche daktari wa usingizi. Muguka hupandisha presha na kuupeleka moyo mbio. Taja pia aspirini, habasoda na kile kichupa kisicho na jina ulichouziwa Marikiti.

Nina piko, ile rangi nyeusi ya kujichora, hadi kwenye kucha na kesho naingia thieta. Programu imetaja rangi ya kucha tu. (Mji wa Kale)

Aliyeiandika hajawahi kwenda harusi ya huku. Piko huweza kukidanganya kile kibano cha kidoleni kinachopima oksijeni. Waambie mapema, wakibane sikioni.

Mke wangu alijifungua kwa upasuaji. Kidonda kimeanza kutoa maji, nikatuma picha kwenye programu Ijumaa usiku, na kwenye grupu la familia pia. Leo Jumapili, hospitali kimya. Ningoje? (Likoni)

Natumai hukuningoja hata mimi. Picha zina faida: kule Kirehe, Rwanda, wahudumu wa afya ya jamii wamewahi kuwapiga picha za vidonda kinamama kama mkeo, majumbani mwao, ili zichunguzwe. Ila picha inataka mtu wa kuitazama. Kabla ya kutoka hospitalini, uliza nani huzisoma usiku na wikendi, na namba ya kupiga ni ipi. Wakianza kutazamana, umeshajibiwa.

Yako mwenyewe uliyoniletea niliiona: balbu ya manjano, kanga nyekundu, na kivuli cha mkono wako juu ya mshono. Piga mchana, karibu na dirisha. Hata hivyo simu hainusi wala haipapasi. Usaha, harufu, homa ya 38, wekundu unaotambaa au mguu mmoja kuvimba ni mambo ya kupanda feri kwenda hospitali usiku huo huo.

Na picha hiyo itoe kwenye grupu la familia. Hukumwomba mkeo ruhusa, na kuna shangazi humo atakayeagiza dawa ya mswaki. Vidonda vilivyopakwa dawa ya mswaki nimeviosha, si kimoja.

Programu inasema naendelea vizuri. Niache kliniki? (Changamwe)

Ilikuuliza, ukaijibu mwenyewe "vizuri". Nenda ukatolewe nyuzi.