"Borrow" na "lend": tatizo linaanzia kwenye "niazime"

Ndugu uliyeuliza kwa nini mwalimu alikata sentensi yako "Please borrow me your pen", hukukosea kwa uzembe. Katika Kiswahili kitenzi kuazima kinabeba pande zote mbili: naazima jembe kwa jirani, na nikifika mlangoni kwake namwambia, "Niazime jembe lako." Wajerumani nao wana leihen, linalotumika vivyo hivyo. Waingereza wameigawa kazi hiyo kwa maneno mawili, ambapo anayepokea hufanya "borrow" na anayetoa hufanya "lend".

Mimi nilijifunza kwa aibu. Nilipokuwa msaidizi katika ofisi moja mjini Dodoma, Ijumaa jioni nilichukua kamera ambayo bosi wangu, mgeni asiyejua Kiswahili, alikuwa ameniruhusu kuitumia, nikamwachia kijikaratasi mezani: "I lent your camera." Nilikusudia kumwarifu kuwa nimeiazima, yeye alielewa kwamba nimempa mtu mwingine. Jumatatu akaniuliza mara tatu, "To whom?", nami namjibu "Yes", ilhali kamera imo mkobani mwangu chini ya meza.

Kilichoniokoa ni lugha ya fedha, kwa sababu kukopa na kukopesha hatuvichanganyi hata siku moja: benki hukopesha, mteja hukopa. Kabla ya kuandika, weka mojawapo ya vitenzi hivyo kichwani, hata kama kitu chenyewe ni kalamu. Panapokaa kukopa andika "borrow", ukifuatisha "from" kwa mwenye mali, na panapokaa kukopesha andika "lend", ambalo wakati uliopita huwa "lent".

Ukitafsiri kuja Kiswahili, hata hivyo, mbinu hiyo iache, kwani sisi tunajali jambo ambalo "borrow" halilitazami kabisa, yaani kama kitakachorudi ni kitu kile kile au mfano wake. Ndiyo maana wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, lakini kukopa harusi, kulipa matanga. (Najua mtaani utasikia pia "niazime elfu kumi", katika maandishi rasmi mimi huiepuka.)

Kwa hiyo sentensi yako iwe "Please lend me your pen" au, kama ninavyopendelea mimi, "May I borrow your pen?"