Sokwe mtu anaweza kuwa mashoto?

SWALI: Natembeza watalii Gombe, na wageni huniuliza kama sokwe mtu wana mashoto kama sisi. Kuna jike mmoja ambaye huvua mchwa kwa mkono wa kushoto, lakini matunda huchuma kwa mkono wowote. Nimeanza kuandika daftarini kila anapochovya kijiti. Niwaambie ni mashoto?

JIBU: Waambie ni mashoto wa kuvua mchwa, uishie hapo. Kwa sokwe mtu, mkono hufuata kazi. Watafiti Linda Marchant na William McGrew waliwachunguza sokwe wa Gombe na wa hifadhi ya Mahale wakichuma, wakijikuna na wakiokota vitu, wakaona wanatumia mikono yote miwili bila kuegemea upande. Mkono ulio karibu na tunda ndio unaolichuma.

Kichuguuni mambo hubadilika. Kijiti kinapita kwenye tundu jembamba asiloweza kuona ndani yake, kisha lazima kivutwe taratibu mchwa askari wakiwa wamekiuma. Akivuta kwa pupa, wanapukutika. Kazi nyeti kama hiyo kila sokwe huishikia mkono wake. Mwaka 2005 Elizabeth Lonsdorf na William Hopkins walionyesha kwamba sokwe wengi wa Gombe huvua mchwa kwa kushoto, ilhali sokwe wanaopasua kokwa Afrika Magharibi huelekea kulia. Kwangu hili ndilo jambo la kusisimua kuliko yote, maana binadamu takriban 9 kati ya 10 hutumia kulia karibu kwa kila kitu.

Sasa daftari lako. Usihesabu kila mchovyo, kwa sababu michovyo 40 ya mfululizo ni uamuzi mmoja uliorudiwa. Hesabu mkupuo: tangu anapoanza kuvua hadi abadili mkono, aondoke au ashike shughuli nyingine. Kisha toa mikupuo ya kushoto kwenye ya kulia, ugawe kwa jumla ya yote. Akiwa na 6 ya kulia na 24 ya kushoto, unapata −0.6 (hasi ni upande wa kushoto), na tofauti hiyo ni kubwa mno kuitwa bahati. Jibu likikaribia 0, hana mkono anaoupendelea.

Andika pia mkono wa pili unafanya nini. Kama umembeba mtoto au umeshika tawi asianguke, mkupuo huo uweke pembeni, kwa sababu hakuwa na mkono wa kuchagua.