Kambini Okinawa, Moyo Uko kwa Mama

Ukipangiwa kambi ya ng'ambo unaandaliwa kwa kila kitu: chanjo, pasipoti, kusafirisha vyombo, mtihani wa kuendesha gari upande wa kushoto. Jambo moja halimo kwenye orodha ya ofisi yoyote, nalo ni kwamba ndugu zako wataendelea na maisha bila wewe. Hilo ndilo linalouma. Umbali unazoeleka. Lakini mdogo wako anaposwa, mjomba anapasuliwa, mama anahamia chumba cha chini kwa sababu ya magoti, na wewe habari zote hizo zinakufikia zikiwa zimeshapoa.

Nimeishi kambi ya Kadena, kisiwani Okinawa, Japani, na mume wangu aliye jeshi la anga la Marekani. Kwa kawaida anayekuja huku na familia hupangiwa miaka 3, aliye peke yake miaka 2. Naandika kwa wenzangu, wake na waume wanaofika sasa, ingawa askari kijana wa bwenini naye atapata chake. Tena nadhani yeye ndiye ana kazi kubwa zaidi, maana sisi tukifunga mlango jioni tuna wa kusema naye.

Kambi yenyewe inahadaa. Ndani ya uzio unalipa kwa dola, watoto wanasoma shule ya Kimarekani, barua zinakuja kwa anwani ya APO, yaani posta ya jeshi, kwa gharama ya posta ya ndani ya Marekani. Wiki za mwanzo unaona kama hukwenda mbali. Halafu siku moja unapata habari njema, unashika simu umwambie dada yako, unakumbuka kwao ni usiku wa manane.

Kwa hiyo anza na saa. Japani haibadilishi saa mwaka mzima. Marekani, isipokuwa sehemu chache, husogeza saa mbele mwezi Machi na kuzirudisha Novemba. Ukiwa na mzazi pwani ya mashariki, tofauti ni saa 14 wakati wa baridi na 13 wakati wa joto. Wakati wa baridi, saa moja asubuhi ya Jumapili hapa, kwake ni saa kumi na moja jioni ya Jumamosi. Wageni wengi hupiga jioni, wakishamaliza shughuli zao. Saa tatu usiku kwako ni saa moja asubuhi kwa mzazi wako, funguo ziko mkononi, anawahi kazini. Mtazungumza dakika tatu, utakata simu ukidhani hana hamu na wewe. Mpe asubuhi yako. Mkubaliane siku, na iwe ileile kila wiki, ili usibaki unahesabu nani alimpigia nani mara ya mwisho.

Halafu mtasema nini? Hapa ndipo wengi wanapokwama. Simu ya kusalimiana haikati kiu. Hamjambo, hatujambo, watoto wazima, hali ya hewa, basi tutaongea. Niligundua kwamba nilichokuwa nakikosa si habari kubwa, maana hizo mtu hupata tu. Nilikosa upuuzi wa kila siku: jirani kapaka nyumba rangi gani, nani kagombana na nani, kaka kanunua viatu vibaya tena. Sasa namwegemeza mama ukutani kwenye simu ya video, nakunja nguo, naye anapanga dawa zake za wiki kwenye kisanduku. Kuna wakati hatusemi kitu. Hizo ndizo simu zinazonitosheleza. Katikati ya wiki tunatumiana ujumbe wa sauti, na nimemzoesha asisubiri kuwa na la maana. Kuna siku alinitumia dakika nzima ya kumkaripia paka.

Jambo la pili kwenye simu ni ukweli. Wazazi huficha ugonjwa ili mtoto asihangaike mbali, na mtoto huficha upweke ili mzazi alale. Matokeo yake pande zote mbili zinakaa na wasiwasi. Mimi nilimwomba mama jambo moja: niambiwe siku hiyohiyo, hata kama siwezi kufanya lolote. Nami simwambii kila kitu ni kizuri. Namwambia leo nimelia bafuni, kisha tunaendelea na mengine. Isipokuwa mambo ya kikosi. Tarehe za safari, idadi ya watu, nani anaondoka kwenda wapi, hayo hayasemwi kwenye simu wala kuwekwa mtandaoni, na mama ameshaelewa hata akiuliza hatajibiwa.

Sasa lile ambalo hakuna anayependa kulizungumza. Mtu wa nyumbani akizidiwa au akifariki, ujumbe rasmi kwa askari hupitia Msalaba Mwekundu wa Marekani, ambao hupokea simu hizo saa 24. Anayepiga ni jamaa aliyeko nyumbani. Ataulizwa jina kamili la askari, cheo, tawi la jeshi, tarehe ya kuzaliwa, na kikosi chake. Wao wanathibitisha na hospitali au na wanaoshughulikia mazishi, kisha wanampa taarifa kamanda. Ruhusa ya kuondoka anatoa kamanda, si Msalaba Mwekundu. Wao kazi yao ni kumhakikishia kwamba habari ni ya kweli. Fikiria mama mwenye machozi anaulizwa mwanawe au mkwewe yuko kikosi gani. Andika hayo yote kwenye karatasi moja, mpe mama, mpe na ndugu mmoja asiyepaniki. Cheo kikibadilika, tuma karatasi mpya.

Na kama aliyekulea ni shangazi au bibi, lisemeni mapema. Kanuni huanza na mzazi, mwenzi, mtoto na ndugu wa kuzaliwa, lakini mtu aliyesimama mahali pa mzazi anatambulika pia. Ila ni lazima ielezwe kwamba ndiye aliyekulea. Kusema shangazi tu hakutoshi. Kuhusu nauli, iulize ofisi ya kikosi kabla hujaingiza kadi yako mtandaoni, kwa sababu safari ya dharura kutoka ng'ambo huenda ikalipiwa na jeshi. Askari wa kila tawi pia wana mfuko wa msaada unaokopesha bila riba. Nimeona watu wakijitia kwenye madeni makubwa kwa tiketi ya usiku mmoja, na hakuna aliyewaambia kwamba mlango wa pili upo.

Watoto wetu wanasomewa kitabu na babu kwa video. Nakala moja iko kwake, nyingine kwetu, na kila mtu anafunua ukurasa wake. Babu huruka kurasa makusudi ili wamkosoe.

Kuhusu marafiki wa kambini, niseme wazi: shika watu mapema, maana wataondoka. Uhamisho mwingi hufanyika kiangazi, na kila kiangazi barabara yetu hujaa maboksi. Wapo wanaoamua kutozoeana na mtu ili wasiumie tena. Naielewa hoja yao na siikubali. Aliyekushikia mtoto ukiwa na homa, ndugu zako wakiwa ng'ambo ya Pasifiki, amekuwa ndugu hata kama ni kwa mwaka mmoja.

Na toka nje ya geti. Wanaobaki ndani ya uzio miaka yote mitatu, kwa ninavyoona, ndio wanaolia zaidi, kwa sababu kila kitu cha ndani ni nakala ya nyumbani, na nakala inakukumbusha asili. Kuendesha upande wa kushoto kusikutishe. Okinawa ilipokuwa chini ya Marekani watu waliendesha kulia, na hata baada ya kurudishwa Japani mwaka 1972 waliendelea hivyo hadi tarehe 30 Julai 1978, kisiwa kizima kilipohamia kushoto kwa siku moja. Kama madereva wa mabasi waliweza, na wewe utaweza.

Kuna huzuni ya kuwakumbuka ndugu, na kuna nyingine. Ukiona hulali, huli, hutaki kupokea hata hiyo simu ya mama, au unawaza kwamba ni heri usiwepo, usingoje ipite. Kasisi wa kikosi anabanwa na usiri, na huhitaji kuwa mtu wa dini ili umwone. Military OneSource, huduma ya msaada kwa askari na familia zao, nao wanapokea simu usiku na mchana, hata za wenzi wa askari. Kama ni hatari ya sasa hivi, nenda hospitali ya jeshi saa hiyohiyo.

La mwisho ni kuonana. Nafasi zinazobaki kwenye ndege za jeshi ni karibu bure, ila usisafiri nazo bila fedha ya tiketi ya kawaida, kwani unaweza kukwama uwanjani siku kadhaa, hasa kiangazi na Desemba. Kwangu mimi, bora kuliko wewe kwenda ni wao kuja. Raia wa Marekani anaingia Japani kama mtalii hadi siku 90 bila viza. Ulizia mapema taratibu za wageni getini, na mwambie mzazi kwamba kukaa nyumbani kwako hakumpi ruhusa ya kununua kwenye maduka ya kambi. Na mlete mwaka wa kwanza, usingoje wa tatu mkiwa mnafunga mizigo. Mama alipokuja aliona jikoni, aliona njia ya shule, akasikia ndege za kivita zikipita mpaka akafunga madirisha yote. Tangu arudi, nikinyamaza ghafla kwenye simu haulizi tena kama mtandao umekatika. Anangoja ndege ipite, kisha anaendelea pale alipoachia.