Muulize Fundi wa Kwato: Poni Anayeegemea Nyuma Asisubiri Kesho

Barua za safari hii nimezipanga kwa uharaka wake, si kwa tarehe zilipofika. Ya kwanza nilimjibu mwenyewe siku ileile kwa simu. Naiandika hapa kwa sababu najua wapo wengine wenye poni (farasi wa kimo kifupi) wa aina hiyo ambao hawajaona bado.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina poni jike wa miaka 12, mnene kiasi, hajawahi kuugua. Tangu juzi anapiga hatua fupifupi kama anakanyaga miba, na akisimama anatanguliza miguu ya mbele halafu anaegemea nyuma. Malisho yamechipua vizuri sana siku hizi. Mume wangu anasema amekaa bila kazi mno, nimtembeze anyooshe viungo. Nimtembeze?

JIBU: Marahaba mama. Usimtembeze hata kidogo. Mwite daktari wa wanyama leo, si kesho asubuhi. Hiyo ni laminitisi, yaani uvimbe wenye maumivu ndani ya ukwato, mpaka daktari aseme vingine.

Ndani ya ukwato, mfupa wa mwisho wa mguu umeshikwa na ukuta wa ukwato kwa mamia ya vikunjo vyembamba vilivyoingiliana. Vikunjo hivyo vikiumia vinavimba, na ndani ya ukwato hakuna nafasi ya kuvimbia, ndiyo maana maumivu yake ni makali vile. Vikianza kuachia, mfupa unashuka, au ncha yake inageukia chini kuelekea unyayo. Kila hatua anayotembezwa inavivuta zaidi. Poni anaegemea nyuma ili ncha za mbele zipumzike, akijaribu kujitibu mwenyewe.

Wakati daktari yuko njiani, mtoe malishoni umweke mahali pa karibu penye sakafu laini: maranda mengi, hata chini ya visigino, au mchanga. Mpe maji na nyasi kavu. Kumwagilia kwato maji baridi sana, au kuzizungushia barafu, kunasaidia ugonjwa ukiwa bado mpya. Mweleze daktari kwamba umefanya hivyo. Dawa ya maumivu aitoe yeye. Na tafadhali usimshindishe njaa kwa kuwa umesikia chanzo ni kula. Poni mnene akinyimwa chakula ghafla, mafuta ya mwilini humwagika kwenye damu, na hilo peke yake laweza kumuua.

Kila mwenye farasi ajifunze kupapasa mshipa wa mguu. Weka vidole viwili nyuma ya kifundo, upande wa ndani kisha wa nje, ubonyeze taratibu. Kwa mnyama mzima utahangaika kuupata mpigo. Kwa mwenye laminitisi unagonga vidole wazi, na ukwato mara nyingi una joto. Jifunze angali mzima, uujue mpigo wake wa kawaida, ndipo siku ukibadilika utajua.

Poni walio wengi huugua kwa sababu miili yao hutoa insulini nyingi kupita kiasi wakila sukari, na majani mabichi yana sukari kuliko watu wanavyodhani. Jua linapowaka majani hujaza sukari, kwa hiyo saa za alasiri ni mbaya kuliko alfajiri, isipokuwa usiku ulikuwa wa baridi kali, maana hapo majani huamka nayo bado. Mama, wewe umeniandikia "mnene kiasi". Naomba umpapase shingo kwa juu. Kama pana tuta gumu la mafuta, na mbavu huzipati mpaka ubonyeze kwa nguvu, huyo si mnene kiasi. Daktari akikubali, anza na nyasi kavu zenye uzito wa asilimia 1.5 ya uzito wa poni kwa siku: wa kilo 200 apate kilo 3, zigawanywe mara nyingi. Kuziloweka kabla ya kumpa na kumwaga yale maji kunapunguza sukari. Nafaka na vitamutamu vikome.

Kazi yangu inaanza baada ya picha ya eksirei, kwa sababu sikati bila kujua mfupa umekaa wapi. Ncha ya mbele itarudishwa nyuma kidogokidogo, na ukuta mpya ulioshikana vizuri utateremka kutoka juu kwenye nywele. Kufika chini huchukua miezi 9 hadi 12. Katika muda huo utaona pete kwenye ukwato, pana kisigino na nyembamba mbele. Pete za namna hiyo nikizikuta kwa poni ambaye mwenyewe ananiambia hajawahi kuugua, najua aliwahi kuugua kimyakimya.

SWALI: Fundi, farasi wangu havai viatu vya chuma. Jirani ananiambia kwato zikirefuka zinajivunja zenyewe, nisipoteze hela. Kweli?

JIBU: Farasi anayetembea kutwa kwenye mawe na ardhi kavu anasaga kwato zake mwenyewe. Wako anaishi bandani na uwanjani penye udongo laini, ndugu yangu, na ukwato unakua kati ya milimita 6 na 10 kwa mwezi. Usiposagwa lazima ukatwe. Ncha ikirefuka inakuwa mkono wa wenzo: kila anaponyanyua mguu, ukuta unabanduliwa kutoka ndani na kano za nyuma zinavutwa. Hapo ndipo nyufa huanzia, na kule kujivunja anakokusifia jirani hutoka na kipande ambacho farasi alikuwa bado anakihitaji.

Wiki 6 hadi 8 ndiyo kawaida. Ningependa zaidi 6, kwa kuwa naondoa kidogo na farasi anaondoka akitembea sawasawa na alivyokuja. Ukinisubirisha wiki 14 nitalazimika kuondoa mengi kwa mara moja, na viungo vyake havitafurahi. Mwenye ufa tayari, au anayetoka kwenye laminitisi, nitamwona mapema zaidi, pengine kila wiki 4.

SWALI: Nikisafisha kwato za nyuma kunatoka utando mweusi wenye harufu mbaya mno. Banda nafagia kila siku! Nafanya kosa gani?

JIBU: Pengine hakuna, dada. Huko ni kuoza kwa ile pembetatu laini iliyo katikati ya unyayo. Vijidudu vyake hupenda mahali pasipo na hewa, na unyevu wa kinyesi na mkojo huwasaidia, lakini nimeukuta uozo kwenye mabanda safi kabisa. Tazama mfereji wa katikati ya pembetatu, upande wa kisigino. Ukiwa na afya ni kibonde kifupi, kidole kinatua. Ukikuta mpasuko mwembamba unaopanda kuelekea nywele, uozo umejificha mle na ufagio hauufikii. Farasi wa hivyo huumwa kisigino, huanza kukanyaga kwa ncha, na kwa kukanyaga vibaya kisigino huzidi kubana.

Safisha kwa brashi na maji, kausha kwa kitambaa, kisha sokomeza ndani ya mpasuko pamba au shashi iliyolowa iodini iliyopunguzwa kwa maji. Badilisha kila siku. Usimimine formalini wala dawa ya kufulia nguo. Zinaua nyama hai iliyokuwa inajitahidi kupona. Halafu atembee sana mahali pakavu. Damu ikitoka au akichechemea, daktari. Mimi nitakata vile vipande vilivyolegea tu.

SWALI: Nikikuta msumari umeingia unyayoni niung'oe?

JIBU: Uache hapohapo, umsimamishe, umwite daktari. Akipiga picha msumari ukiwa ndani ataona umeelekea wapi; ukishatoka tundu hujifunga na haionekani tena ulipopita. Kama lazima utoke kwa kuwa akikanyaga unazidi kuingia, ung'oe moja kwa moja, weka alama palipokuwa na tundu, hifadhi msumari, kumbuka ulizama kiasi gani. Na ulizia chanjo yake ya pepopunda, maana farasi hushikwa na ugonjwa huo upesi kuliko wanyama wengi.

SWALI: Mafuta ya kupaka kwato, yapi bora?

JIBU: Sipaki. Ukwato mzuri hutoka kwenye lishe na mwendo.

SWALI: Binti yangu ana miaka 10 na poni mzee wa miaka 24. Siku hizi poni anamnyang'anya mguu wa nyuma kila akitaka kuusafisha. Tumfunge kwa ukali au tumwadhibu?

JIBU: Wala hivi wala vile, baba. Poni aliyekuwa anatoa mguu kwa miaka yote akianza kuukatalia, kwanza mfikirie maumivu. Kwa umri huo goti la nyuma na nyonga huwa zimekakamaa. Mnyanyulie mguu chini kabisa, ukwato uwe juu ya ardhi kwa upana wa kiganja tu, na usiuvute kando kuja upande wenu. Ubaki chini ya mwili wake. Binti asafishe upande mmoja wa ukwato, auweke chini polepole, ampe muda, ndipo amalizie. Awe amesimama ubavuni, mgongo ukielekea kichwa cha poni, asipige magoti wala kukaa chini, wewe ukishika kamba badala ya kumfunga. Mguu uachiliwe akiwa ametulia, si akiwa anapiga teke. Mimi poni wa namna hiyo namkata kwa zamu, miguu ya mbele kwanza, napumzika naye, kisha ya nyuma. Ikiwa bado anatetemeka akisimama kwa mitatu, mwombeni daktari dawa ya maumivu kabla ya siku yangu ya kuja, na mniambie ili nisimfanyie haraka.