Maswali na majibu: Kwa nini Jon Tester alipoteza kiti cha Useneta Montana

Tarehe 5 Novemba 2024 Seneta Jon Tester wa chama cha Democratic, aliyekuwa akiwakilisha jimbo la Montana kwa miaka 18, alishindwa na Tim Sheehy wa Republican kwa asilimia 45.5 dhidi ya 52.6. Haya ni baadhi ya maswali ambayo wasomaji wametuletea kuhusu kinyang'anyiro hicho.

Swali: Tester alishinda mara tatu katika jimbo ambalo Republican huchukua kura za urais kila uchaguzi. Safari hii kiliharibika nini? (Msomaji, Dodoma)

Utasikia wengi wakisema watu walimchoka. Takwimu zinakataa. Mwaka 2012 Barack Obama alipata asilimia 41.7 Montana, Tester akapata 48.6. Alimzidi mgombea urais wa chama chake kwa pointi 7. Mwaka 2024 Kamala Harris alipata 38.5, Tester 45.5. Ni pointi 7 zilezile. Mvuto wake mwenyewe haukupungua hata kidogo. Kilichoshuka ni kura za chama alichosimama nacho.

Kuna jambo la pili ambalo watu hulisahau. Mwaka 2012 Dan Cox wa chama cha Libertarian alizoa asilimia 6.6, na sehemu kubwa ya kura za aina hiyo kwa kawaida ingeegemea upande wa kulia, yaani kwa Republican. Ndiyo maana 48.6 ilimtosha Tester kumwacha Denny Rehberg wa Republican na 44.9 yake. Mwaka 2024 wagombea wa vyama vidogo hawakufikisha asilimia 2 kwa jumla, kwa hiyo ushindi ulianzia kwenye 49 na ushei.

Sasa piga hesabu. Kutoka 38.5 za Harris hadi 49 ni pointi 10 na nusu, na zote lazima zitoke kwa watu waliompigia Donald Trump, aliyepata 58.4. Maana yake Tester alihitaji karibu mmoja kati ya kila wafuasi sita wa Trump. Alipata kama mmoja kati ya wanane. Kwa siasa za Marekani za leo hiyo ni kazi kubwa sana, na bado haikutosha.

Mwaka 2018 mambo yalikuwa tofauti kwa sababu hapakuwa na uchaguzi wa rais. Trump alikwenda Montana mara nne kumnadi Matt Rosendale wa Republican, lakini jina lake mwenyewe halikuwa kwenye karatasi ya kura, na Tester akapita kwa 50.3. Mwaka 2024 jina lilikuwepo, na watu wakapiga mafiga matatu, kama mnavyosema huko Dodoma, yaani chama kimoja kwa kila nafasi. Tena Montana haina kisanduku cha kuchagua chama kizima kwa alama moja, kama kilichopo Indiana na Alabama. Kila nafasi hujazwa peke yake. Kwa hiyo hapa tusilaumu muundo wa karatasi. Wapiga kura walijua wanachofanya.

Ongeza wageni. Sensa ya 2010 ilihesabu watu 989,415. Ya 2020 ikahesabu 1,084,225, na jimbo likapewa kiti cha pili katika Baraza la Wawakilishi. Siasa ya Tester ilijengwa juu ya kujulikana: mkulima wa Big Sandy, mwalimu wa muziki wa zamani, aliyepoteza vidole vitatu vya mkono wa kushoto kwenye mashine ya kusaga nyama akiwa na miaka 9. Mwenyeji wa siku nyingi ana kumbukumbu hizo. Aliyehamia miji ya Bozeman au Kalispell juzi anaona herufi ya chama mbele ya jina, basi.

Swali: Inawezekanaje mtu awe seneta bila kufikisha nusu ya kura? Hakuna duru ya pili? (Msomaji, Nakuru)

Montana hakuna. Anayeongoza ndiye mshindi, hata akiwa na 40. Tester mwenyewe aliingia Seneti mwaka 2006 kwa kumpita Conrad Burns wa Republican kwa kura 3,562 tu, huku mgombea wa Libertarian akiondoka na zaidi ya 10,000. Georgia ndiyo yenye duru ya pili asipopatikana mwenye zaidi ya nusu. Mwaka 2024 wananchi wa Montana waliulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka mshindi lazima avuke nusu, wakakataa.

Swali: Tester aliwahi kumtaka Biden ajitoe, na hakumuunga mkono Harris. Kwa nini haikumsaidia? (Msomaji, Zanzibar)

Alimtaka Biden ajitoe tarehe 18 Julai 2024, akiwa seneta wa pili wa Democratic kufanya hivyo hadharani, na mwezi uliofuata hakwenda kwenye mkutano mkuu wa chama Chicago. Kwa maoni yetu alifanya sawa, lakini tamko la miezi minne ya mwisho haliwezi kufuta rekodi ya miaka sita. Wapinzani walikuwa na kura zake mkononi: alipiga kura Trump apatikane na hatia katika mashtaka yote mawili ya kumwondoa madarakani yaliyosikilizwa na Seneti, 2020 na 2021, na mwaka 2018 alimkataa Jaji Brett Kavanaugh, aliyeteuliwa na Trump kwenda Mahakama ya Juu ya Marekani. Hizo ndizo zilizorudiwa kwenye televisheni usiku na mchana.

Upande wa pili, ngao zake mbili zilitobolewa. Ya kwanza ni maveterani, ambao Montana inao wengi kwa kulinganisha na idadi ya watu wake. Tester aliongoza kamati yao Seneti na alikuwa mstari wa mbele katika sheria ya PACT ya 2022, inayowapa matibabu na fidia askari waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka vitani. Ni kazi ya maana, na anastahili heshima kwa hiyo. Lakini Republican walimsimamisha mtu aliyekuwa komando wa jeshi la majini, hivyo hoja ya uzalendo haikuwa ya upande mmoja tena. Ngao ya pili ni haki ya kutoa mimba. Suala hilo liliwekwa kwenye karatasi ileile kama kura ya maoni, CI-128, likapita kwa karibu asilimia 58. Mpiga kura aliyelitaka aliweza kulipata bila kumchagua Tester, na maelfu walifanya hivyohivyo.

Swali: Tunasikia zilitumika zaidi ya dola milioni 250. Zilikwenda wapi kwa jimbo dogo hivyo? (Msomaji, Muscat)

Nyingi kwenye matangazo. Kura zilizopigwa zilikuwa takriban 600,000, kwa hiyo ni zaidi ya dola 400 kwa kila kura. Kuna jambo la kitaalamu hapa. Siku 60 kabla ya uchaguzi mkuu, sheria inavilazimisha vituo vya televisheni kumtoza mgombea bei yao ya chini kabisa. Kamati huru za kampeni, zile zinazoruhusiwa kupokea fedha bila kikomo ila haziruhusiwi kupanga mambo na mgombea, hulipa bei ya soko, ambayo hupanda kila wiki nafasi zinapopungua. Dola iliyo mikononi mwa mgombea hununua muda mrefu zaidi hewani. Lakini mchango wa mtu mmoja kwa mgombea mwaka 2024 uliishia dola 3,300 kwa mchujo wa ndani ya chama na nyingine 3,300 kwa uchaguzi mkuu, ndiyo sababu matajiri hupitia kwenye kamati.

Tester alikusanya kuliko Sheehy. Akashindwa. Ikifika Oktoba kila aliye na televisheni ameshaona tangazo lilelile mara nyingi mno, na dola ya ziada haimshawishi mtu mpya.

Wewe uliye Muscat, kama si raia wa Marekani wala huna ukaazi wa kudumu kule, usichangie hata senti. Sheria inakataza kabisa.

Swali: Sisi ni familia kutoka Kongo, tuko Missoula, Montana, tangu tulipoletwa kama wakimbizi. Lini tunaruhusiwa kupiga kura, na tuanzie wapi?

Ninyi si peke yenu. Familia za Kikongo zilianza kupokelewa Missoula mwaka 2016. Grini kadi haitoshi, uraia ni lazima. Kwa mkimbizi, miaka mitano ya ukaazi huhesabiwa tangu siku alipoingia Marekani, si siku aliyopewa kadi, na fomu ya uraia, N-400, inaweza kupelekwa siku 90 kabla ya miaka hiyo kutimia.

Kabla ya hapo jihadharini sana na jambo moja. Ukienda kuchukua leseni ya udereva, karani anaweza kukuuliza kama unataka kujiandikisha kupiga kura. Jibu hapana. Fomu ya N-400 inauliza kama uliwahi kujiandikisha au kupiga kura, na aliyetia saini kwa kutoelewa Kiingereza anaweza kunyimwa uraia, hata kufukuzwa nchini.

Baada ya kiapo cha uraia, nendeni ofisi ya uchaguzi ya kaunti na namba ya leseni ya Montana au tarakimu nne za mwisho za namba ya Social Security (hifadhi ya jamii). Lazima uwe umekaa jimboni siku 30. Msingoje siku ya uchaguzi, maana foleni ni ndefu na masharti ya siku hiyo yamebishaniwa mahakamani na bungeni kwa miaka. Ukiomba kura ya posta, bahasha lazima iwe imefika ofisini saa 2 usiku siku ya uchaguzi. Muhuri wa posta hauhesabiwi. Itume wiki nzima kabla, la sivyo ipeleke kwa mkono. Kosa linalowakumba wapya ni saini: weka ileile uliyoweka wakati wa kujiandikisha, na ujaze kila kinachoulizwa kwenye bahasha ya nje. Ofisi ikikupigia simu kwamba kuna kasoro, nenda siku hiyohiyo.

Swali: Kenya katiba inaruhusu wapiga kura kumwita nyumbani seneta wao. Je, Montana? (Msomaji, Kisumu)

Hapana. Seneta wa Marekani haondolewi na wapiga kura kabla ya miaka sita kwisha. Seneti yenyewe tu ndiyo inaweza kumfukuza, kwa theluthi mbili. Sheehy ana kiti hadi Januari 2031.

Swali: Je, bado kuna seneta anayeweza kushinda pale ambapo chama chake hakipendwi? (Msomaji, Arusha)

Wapo, ila wamepungua sana. Mwaka 2012 Democratic walishinda Useneta katika majimbo matano yaliyomchagua Mitt Romney, mgombea urais wa Republican: Montana, North Dakota, Missouri, Indiana na West Virginia. Mwaka 2018 watatu kati ya hao walianguka. Mwaka 2024 Joe Manchin wa West Virginia hakugombea, Tester akashindwa, na kati ya hao watano hakubaki hata mmoja. Mwaka 2020, kati ya wote waliogombea, ni Susan Collins wa Republican huko Maine peke yake aliyeshinda jimbo ambalo mgombea urais wa chama chake alilipoteza. Mwaka 2024 Democratic walihifadhi viti Michigan, Wisconsin na Nevada na kushinda cha Arizona, majimbo yote aliyochukua Trump, lakini huko pengo la urais lilikuwa dogo. Pointi 7 za Tester zingemvusha kwa urahisi katika lolote kati ya hayo manne.