Muulize Afande wa Miavuli: Nilitua mahindini, kosa la nani?

*Maswali ya wasomaji yanajibiwa na askari mstaafu wa miavuli, mkazi wa Temeke.*

SWALI: Shikamoo Afande. Nilijifunza kuruka na mwavuli Afrika Kusini nilipokuwa chuoni, sasa nimerudi nyumbani. Kuna mruko mmoja bado unanikera. Nilikuwa wa kwanza mlangoni. Taa ya kijani ikawaka, nikaruka. Mwavuli ulipofunguka nikaona uwanja wa kutua uko mbali mbele yangu, na upepo unanipiga usoni. Nikakaza kuuelekea mpaka chini kabisa, nikaishia kwenye shamba la mahindi, karibu na nguzo za umeme, kama kilomita moja kabla ya shabaha. Mkufunzi akasema kosa ni langu. Mimi nasema aliyewasha taa ni rubani. Nani mwenye haki?
*Wa Mahindini, Tabata*

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na mahindi. Mkufunzi wako ana haki, ila makosa yako ni mawili, na sidhani kama alikueleza lile kubwa.

Tuanze na dogo. Taa ya kijani haikuambii uruke. Inakuambia rubani amepunguza mwendo, mlango ni wako, na kwa hesabu yake mmekaribia. Hesabu hiyo imefanywa chini kabla ya kupaa, kwa taarifa ya upepo wa juu, halafu akaifuatisha kwa GPS. Upepo ukibadilika njiani, taa inawaka vilevile. Kwa hiyo anayetoka wa kwanza hutoa kichwa nje na kutazama: pana ndege nyingine chini? Pana wingu? Na je, kweli tuko tunapodhani tupo?

Hapo wengi hudanganyika, kwa sababu ndege ikiinama kidogo tu, “chini” unayoiona mlangoni siyo chini ya kweli. Tazama upeo wa macho upande wa mbele, shusha jicho moja kwa moja mpaka ardhini. Kisha tazama upeo wa upande wa mlango, ushushe vilevile. Mistari hiyo miwili inapokutana ndipo mlipo. Ukiona pamepungua, subiri, au mwombe rubani arekebishe, au azunguke upya. Mafuta ya mzunguko mmoja yanalipika.

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1944, ndege za Marekani zilizobeba askari wa miavuli kwenda Normandy, Ufaransa, ziliingia mawinguni na kupigwa mizinga, zikatawanyika. Taa zikawashwa, watu wakaruka, wengine wakatua mbali mno na walikotakiwa. Mmoja wao, John Steele, mwavuli wake ulinasa kwenye mnara wa kanisa la Sainte-Mère-Église, akaning’inia pale akijifanya maiti. Mpaka leo wana sanamu yake imening’inizwa juu ya kanisa. Wewe umepata mahindi, shukuru.

Sasa hesabu yenyewe, maana naona ulifundishwa kuruka kabla ya kufundishwa upepo. Tuitoe kwenye shamba lile tuilete hapa mjini. Chukulia mwezi wa Julai, kusi inavuma, na unataka kutua Uwanja wa Uhuru. Kusi inatoka kusini-mashariki, yaani upande wa Mtoni, inasukuma kuelekea Buguruni. Tuseme na upepo wa juu unatoka hukohuko, jambo ambalo si lazima liwe hivyo, ndiyo maana hupimwa.

Unatoka mita 3,000, unafungua mita 1,000. Katikati unaanguka kwa sekunde kama 40. Upepo wa juu ukiwa kilomita 36 kwa saa, ambazo ni mita 10 kila sekunde, unakusogeza mita 400 kuelekea Buguruni. Lakini ndege kwa kawaida huruka ikikabili upepo, na unapotoka mlangoni mwendo wake hauishi mwilini mwako papo hapo. Unakutupa mbele mita 200 au 300 hivi kuelekea Mtoni. Kwa hiyo viwili hivyo karibu vinafutana. Kazi kubwa iko chini ya mwavuli.

Mwavuli wa mwanafunzi huenda mbele kama mita 10 kwa sekunde na kushuka kama mita 5. Weka upepo wa chini wa mita 5 kwa sekunde. Ukiupa mgongo, unasafiri mita 15 kila sekunde. Ukiukabili, 5 tu. Kutoka mita 1,000 hadi 300, ambapo unaanza kujipanga kutua, una sekunde 140. Mwenye upepo mgongoni anaweza kufika zaidi ya kilomita 2. Mwenye upepo usoni, mita 700, basi. Mwavuli ni uleule, siku ni ileile.

Ndiyo maana tunatoka upande unakotoka upepo. Mvuvi anayevuka kwa mtumbwi toka Kivukoni kwenda Kigamboni maji yakienda kasi haelekezi omo pale anapotaka kufika, anaanza juu zaidi ya mkondo. Ndege yenu ilikuwa inakabili upepo, haijafika juu ya uwanja, wewe ukatoka mapema. Kwa hiyo ulifungukia chini ya upepo, yaani upande unakoelekea upepo. Kama ungechelewa dakika moja, na ndege inakwenda mita 40 kwa sekunde, ungefunguka mita 2,400 mbele zaidi, na tatizo lako lingekuwa kupunguza mwendo: unavuta breki, zile kamba za nyuma ya mwavuli, nusu, unakaa hewani, upepo unakuleta.

Kosa kubwa ni lile neno uliloandika mwenyewe: “nikakaza”.

Kutoka mahali pabaya kunamtokea kila mrukaji. Kukazania shabaha ambayo huwezi kuifika ndiko kunakovunja miguu, na kumeua watu wenye miruko mingi kuliko yako. Kujua kama utafika ni rahisi. Ukiwa umenyoosha mwavuli, chagua kitu mbele, tuseme uzio wa uwanja. Kikizidi kupanda machoni mwako, hutafika. Kikishuka kuelekea miguuni, utakipita. Kisichopanda wala kushuka, hapo ndipo unapotua. Uzio wako ulikuwa unapanda tangu juu, nina hakika, na wewe ulikuwa unautazama kwa matumaini.

Mita 600 ndipo pa kuamua. Hapo, kama jibu si ndiyo ya wazi, uwanja wa kutua umeshafutika. Geuka utafute pengine: pawe peupe, pasiwe na maji, barabara, mifugo wala nyaya. Waya wa umeme huuoni toka juu, kwa hiyo tafuta nguzo, kisha chukulia kwamba kati ya nguzo na nguzo pana waya. Ukigeuka na upepo mgongoni una umbali mara tatu wa kuchagua. Mita 300 anza kujipanga, mita 100 uwe umeshaelekea unakotua. Kutoka hapo usipige kona kali hata kama umegundua upepo unatoka ubavuni. Mwavuli ukiwa umenyooka, miguu na magoti vimebanwa pamoja, ukajiviringisha, utaamka na vumbi. Kona ya chini inakupigiza ardhini kwa kasi ambayo breki haziwezi kuizuia.

Mahindi marefu nayo yana hila yake. Ukivuta breki kwa kupima ncha za mabua, unakuwa umevuta mita 2 juu ya ardhi. Na mwenye shamba umemlipa? Hukuandika.

SWALI: Afande, kijiweni wanabisha. Ni kweli kuna watu wanatua kwenye kisahani cha sentimita 2? Na zamani bila GPS walijuaje pa kurukia?
*Dereva wa bodaboda, Chang’ombe*

JIBU: Kweli. Ni mashindano ya shabaha. Wanatoka kama mita 1,000, wana miavuli mikubwa inayoshuka kwa mteremko mkali ikiwa kwenye breki, na wanagusa kisahani kwa kisigino. Zamani walidondosha utepe wa karatasi wenye uzito kidogo, juu kabisa ya shabaha, toka kimo cha kufungulia mwavuli. Utepe ulishuka kwa kasi ya mwavuli wa duara. Ukianguka mita 500 upande huu, basi rukia mita 500 upande wa pili. Waambie kijiweni umeshinda.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mshonaji. Mtu wa mwavuli akiangukia uani kwangu nifanye nini, na kitambaa kile naweza kubaki nacho?
*Mama Mshonaji, Mbagala*

JIBU: Marahaba mama. Akiwa amenasa kwenye nyaya, asiguswe yeye, wala kamba, wala kitambaa, hata kwa mti mkavu. Pigeni 114 zimamoto, umeme ukatwe kwanza. Akiwa uani na upepo unamburuza, kamata ukingo mmoja wa mwavuli ukimbie nao kuuzunguka, utanywea. Msikate kamba kwa kisu kama hayuko hatarini, maana mwavuli mmoja ni bei ya pikipiki na zaidi.

Kitambaa ni mali yake, mama. Ulaya baada ya vita vya pili maharusi walishonewa magauni ya miavuli, ilikuwa hariri au nailoni. Nailoni ya miavuli mingi ya siku hizi imepakwa dawa isipitishe hewa kabisa. Mteja wako hatamaliza ukumbi mmoja wa harusi ya Februari.