Mtihani Haufuti Saa za Kando ya Kitanda

Mwezi huu safu ya maswali na majibu imepokea barua tatu, kutoka Kisumu, Nakuru na Kakamega, na zote zinahusu uhuishaji wa vyeti vya uuguzi wa wagonjwa mahututi. Barua ya Kisumu imepewa nafasi kubwa zaidi kwa sababu ndani yake mna kosa ambalo tayari limewagharimu wauguzi wengi vyeti vyao.

Swali

Shikamoo. Mimi ni muuguzi wa wagonjwa mahututi. Nilifanya kazi Minnesota kwa miaka 9, na huko ndiko nilikofanya mtihani wa CCRN, yaani wa cheti cha Marekani cha uuguzi wa wagonjwa mahututi, upande wa wagonjwa watu wazima, nikafaulu. Miezi 14 iliyopita nilirudi nyumbani Kisumu kumuuguza mama yangu, na sasa ninawafundisha wanafunzi wa uuguzi na kuwasimamia wanapokwenda wodini kwa mazoezi. Cheti changu kinakwisha baada ya miezi 7. Nimekusanya pointi 64 za masomo, zote za mambo ya tiba kama vile mashine za kupumulia, mapigo ya moyo na dawa za kupandisha presha, na sijui 36 zilizobaki nitazipata wapi. Mwenzangu aliyebaki kule ananishauri niachane na pointi nifanye mtihani, kwa kuwa anayefanya mtihani haulizwi saa za kazi. Je, ni kweli?
M.A., Kisumu

Jibu

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kumuuguza mama.

Mwenzako amekosea, na ni afadhali ulijue hilo sasa ungali na miezi 7 kuliko kulijua juma la mwisho. CCRN hutolewa na AACN, chama cha wauguzi wa wagonjwa mahututi cha Marekani, ambacho kimekuwa kikitoa mtihani huo tangu mwaka 1976, na cheti chake hudumu kwa miaka 3. Ni kweli kwamba kuna njia mbili za kukihuisha, yaani kukusanya pointi 100 za masomo endelevu, ambazo chama hicho huziita CERP, au kufanya mtihani upya. Lakini kabla ya kufika penye njia panda hiyo, kila mwombaji, awe wa pointi au wa mtihani, hudaiwa mambo mawili yale yale. La kwanza ni leseni ya uuguzi ya Marekani iliyo hai na isiyowekewa kizuizi chochote. La pili ni saa 432 za kuwahudumia wagonjwa mahututi ana kwa ana katika ile miaka 3, na kati ya saa hizo, 144 lazima ziwe zimefanywa katika miezi 12 ya mwisho kabla ya tarehe ya kuhuisha. Mtihani unakuondolea deni la pointi, lakini saa hauzigusi.

Tuzipige hesabu hizo pamoja. Saa 432 ni sawa na zamu 36 za saa 12, yaani zamu moja tu kila mwezi kwa miaka 3. Kwa maelezo yako, miezi 15 ya kwanza ya kipindi hiki ulikuwa bado Minnesota, na muuguzi anayefanya zamu tatu kwa juma hupita saa 432 katika muda wa miezi mitatu hivi. Kwa hiyo upande huo umeshavuka salama. Penye shida ni kwenye zile saa 144, kwa sababu miezi 12 ya mwisho yote imeangukia Kisumu.

Hapo ndipo kazi yako ya sasa inapohitaji kuangaliwa kwa makini. AACN haimkatai mwalimu. Saa ambazo mwalimu, msimamizi au mwelekezi wa wauguzi wapya anazitumia kando ya kitanda zinahesabika, mradi awe anashiriki kumhudumia mgonjwa. Ukisimama karibu na mwanafunzi, mkono wako ukiushika wake, ukamwonyesha namna ya kuingiza mrija wa kunyonya makohozi kwa mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia, huku macho yako yakifuata kiwango cha oksijeni kwenye skrini na wewe ukiwa tayari kumwambia atoe mrija, hiyo ni huduma na saa yake ni halali. Ukimfundisha jambo hilo hilo darasani kwa mdoli, umefundisha vizuri, lakini saa hiyo haiingii. Wala haiingii saa ya kusahihisha karatasi au ya kikao cha walimu.

Kuna sharti jingine, na hili ndilo linalowakwamisha wengi waliorudi nyumbani. Saa zinazokubaliwa ni zile zilizofanywa katika hospitali ya Marekani au Kanada, ama katika hospitali ya kwingineko iliyothibitishwa kuwa inalingana na kiwango cha Marekani, na ushahidi unaotakiwa ni hadhi ya Magnet, ambayo hupewa hospitali zenye uuguzi bora, au ithibati ya Joint Commission International, shirika linalokagua ubora wa hospitali kimataifa. Hospitali inaweza kuwa kubwa, ikawa ya rufaa, ikawa na wauguzi hodari unaojivunia kufanya kazi nao, na bado ikakosa karatasi hiyo. Naliona ni jambo la kuumiza, kwa kuwa mgonjwa wa Kisumu aliyepungukiwa na pumzi hahitaji ujuzi mdogo kuliko mgonjwa wa Minneapolis. Hata hivyo sharti ndilo hilo. Juma hili hili uliza ofisi ya hospitali unakowapeleka wanafunzi kama ina ithibati hiyo, kisha uwaandikie AACN na kuwatajia hospitali hiyo kwa jina, upate jibu la maandishi kabla hujahesabu hata saa moja.

Likija jibu la kukubali, unahitaji saa 144 za kando ya kitanda, na huenda baadhi yake umeshazifanya katika miezi mitano iliyopita bila kuziandika. Ikiwa huna hata moja, zamu 12 katika miezi 7 ni chini ya zamu mbili kwa mwezi. Likija jibu la kukataa, zimebaki njia mbili. Ya kwanza ni kurudi Minnesota kwa majuma manne, ukafanya zamu tatu kila juma, jambo linalowezekana kama leseni yako ya jimbo ingali hai na kama kuna mtu wa kukaa na mama. Minnesota hutaka saa 24 za masomo kila baada ya miaka 2 ili kuhuisha leseni, kwa hiyo hakikisha hilo halijakupita. Masomo uliyoyafanya kwa ajili ya leseni yanaweza kuhesabiwa pia kwa cheti, mradi tarehe zake ziwe ndani ya vipindi vyote viwili.

Njia ya pili ni kuomba cheti kiwekwe katika hali ya kusimamishwa kwa muda. Wengi huisikia kama adhabu, na sivyo ilivyo. AACN humruhusu muuguzi ambaye hajatimiza masharti kuomba hali hiyo kabla cheti hakijaisha, na humpa muda usiozidi miaka 3 wa kuyatimiza. Katika muda huo huruhusiwi kuandika herufi za CCRN baada ya jina lako, iwe kwenye beji, kwenye barua ya kuomba kazi au kwenye mtandao. Lakini cheti hakijafa. Kikifa, unaanza upya kama mgeni: saa 1,750 katika miaka 2, huku 875 kati yake zikiwa za mwaka wa mwisho, au saa 2,000 katika miaka 5, huku 144 zikiwa za mwaka wa mwisho, kisha ndipo uruhusiwe kuomba mtihani. Kwa mtu aliyerudi nyumbani kumuuguza mzazi na asiyejua atakaa muda gani, mimi ningechagua kusimamisha cheti, nimuuguze mama kwa moyo uliotulia.

Sasa pointi zako. Pointi 100 hugawanywa katika makundi matatu, na hapo umeegemea upande mmoja. Kundi A ni uamuzi wa kitabibu na uchunguzi wa kitaaluma, na hulazimu pointi 60 na zisizidi 80. Kundi B ni utetezi wa mgonjwa, utu katika huduma, kuheshimu tofauti za watu na kuwasaidia wengine kujifunza. Kundi C ni ushirikiano wa kikazi na kuelewa jinsi mfumo mzima wa hospitali unavyofanya kazi. B na C kila moja hulazimu pointi 10 na zisizidi 30. Wewe una 64 za A na huna hata moja ya B wala C. Kwa hiyo katika zile 36 zilizobaki, 10 ziende B, 10 ziende C, na 16 uziweke unakotaka. Ukiendelea na kozi za mashine za kupumulia pekee, utafika 100 na bado urudishiwe maombi.

Nakusihi usilione kundi B kama la kujazia nafasi. Umekaa nyumbani miezi 14, na bila shaka umekwisha kuwaona jamaa waliosafiri usiku kutoka Nyakach au Seme, wamejaa kwenye benchi nje ya chumba cha wagonjwa mahututi, wakitaka kuambiwa hali ya mgonjwa mbele ya mzee wa ukoo na si pembeni na mtoto mmoja. Semina ya kuzungumza na familia kuhusu mgonjwa asiyetarajiwa kupona ni pointi za B, na mafunzo ya mbinu za kufundisha wauguzi wapya vilevile. Kwa kundi C tafuta kozi za usalama wa mgonjwa au za kukabidhiana wagonjwa kati ya wauguzi na madaktari. Pointi moja ni dakika 60 za somo.

Jambo la mwisho ni kumbukumbu. AACN huchagua baadhi ya waombaji bila mpangilio na kuwakagua, na anayekaguliwa hutakiwa kutoa ushahidi wa alichokiandika. Katika miaka yangu ya zamu nilikuwa na daftari la kurasa 96 ndani ya mfuko wa plastiki, na kila asubuhi kabla ya kuvua viatu niliandika tarehe, wodi, saa ya kuingia na saa ya kutoka, kisha mwisho wa mwezi msimamizi alitia sahihi. Vyeti vya semina vilikaa nyuma ya daftari hilo hilo, kila kimoja kikiwa na jina langu, mada, tarehe, idadi ya saa na jina la aliyeandaa. Daftari kama hilo ukilianza leo, mwanangu, litakusaidia hata ukiamua kusimamisha cheti.

Swali

Mimi ni muuguzi wa Nakuru, na nina stashahada ya juu ya uuguzi wa wagonjwa mahututi kutoka KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba cha Kenya. Wenzangu wanazungumza juu ya kuhuisha ubingwa kwa mtihani, nami nimeingiwa na wasiwasi. Je, stashahada yangu itakwisha muda?
J.K., Nakuru

Jibu

Haitakwisha. Stashahada ni elimu uliyoipata, na elimu hiyo ni yako maisha yako yote. Kinachohuishwa hapa Kenya ni leseni ya kufanya kazi inayotolewa na Baraza la Wauguzi la Kenya chini ya Sheria ya Wauguzi na Wakunga, Sura ya 257, nayo huhuishwa kwa pointi za masomo endelevu na ada, bila mtihani. Wenzako wanazungumzia vyeti vya vyama vya nje kama CCRN, ambavyo muuguzi huviomba kwa hiari yake na ambavyo haviwezi kuchukua nafasi ya leseni. Hakikisha tu kwamba stashahada yako imesajiliwa na Baraza na kwamba mafunzo yako yanaingizwa kwenye akaunti yako mara tu unapoyamaliza, kwa sababu wauguzi wengi huhudhuria mafunzo mwaka mzima kisha wakahangaika na pointi mwezi wa mwisho.

Swali

Dada yangu ni muuguzi wa wagonjwa mahututi huko Texas. Saa zake zote zimetimia, lakini cheti chake cha CCRN kinakwisha baada ya miezi 4 na ana pointi 20 tu. Ameniuliza, nami nikaona niwaulize ninyi: afanye mtihani au akimbizane na pointi?
W.N., Kakamega

Jibu

Mwambie kwanza asifanye vyote viwili kwa matumaini kwamba kimoja kitamwokoa. AACN haimruhusu mtu kufanya mtihani mapema, akishindwa, arudi kuhuisha kwa pointi. Akishaingia chumba cha mtihani, njia ya pointi imefungwa nyuma yake.

Mtihani una maswali 150 ya kuchagua jibu, kwa saa 3, na 125 kati yake ndiyo yanayohesabiwa, kwa kuwa yale 25 ni ya majaribio na mtahiniwa hawezi kuyatambua. Sehemu kubwa, asilimia 80, ni uamuzi wa kitabibu. Muuguzi aliyekaa miaka mingi katika chumba cha upasuaji wa moyo peke yake anaweza kushangaa akikutana na maswali ya figo, ini na sumu mwilini ambayo hajayashika tangu alipofanya mtihani wa kwanza.

Pointi 80 katika majuma 16 ni saa 5 kwa juma. Kwa mtu mwenye zamu tatu kwa juma, hiyo ni asubuhi moja na jioni moja, na wanachama wa AACN hupata masomo mengi ya mtandaoni bila malipo. Mimi ningemshauri achukue pointi, na aanze na yale makundi mawili madogo, B na C, kwa sababu ndiyo watu huyasahau hadi siku za mwisho. Ikiwa ana watoto wadogo na anajua kwamba saa 5 hatazipata, basi achague mtihani leo, atume maombi na kuweka tarehe ya kuufanya kabla cheti hakijaisha, na asome kwanza zile sura za magonjwa ambayo wodi yake haiyaoni.